Kupaka badala ya kuchonga: SDF inavyosimamisha jino linalooza na kutuliza ganzi

Mtu akienda kliniki na jino lenye tundu, mara nyingi hutarajia mambo mawili tu: lizibwe au ling'olewe. Ipo njia ya tatu, na kila mzazi anastahili kuijua: kupaka tone la dawa ndani ya tundu, kusubiri dakika moja, basi. Hakuna sindano ya ganzi, hakuna mashine ya kuchonga, hakuna damu. Dawa yenyewe ni silva daiamini floraidi, na kliniki huiita kwa ufupi SDF. Japani inaitumia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa jina la Saforide. Marekani iliiruhusu mwaka 2014, tena kwanza kama dawa ya kutuliza ganzi ya meno (ule msisimko mkali unaokuja kwa kitu baridi au kichachu) kwa watu wazima, ingawa madaktari huko waliianza pia kwa meno ya watoto yaliyooza. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu, ya watu wazima na ya watoto, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na saruji ya kuzibia meno iitwayo glasi-ayonoma.

Ni dawa nzuri sana mahali pake. Ikipakwa pasipo mahali pake, inamwibia mtoto muda ambao jino lake halina. Kwa hiyo sehemu kubwa ya makala hii inahusu namna ya kutambua mahali hapo.

Jino linavyooza, na kwa nini linaweza kusimama

Jino halitobolewi na mdudu. Bakteria walio ndani ya ukoga hula sukari na kutoa asidi. Kipimo cha pH, ambacho hushuka asidi inapozidi, kikifika karibu 5.5, enameli, yaani tabaka gumu la nje la jino, huanza kupoteza kalsiamu na fosfeti. Mate yakipewa nafasi huyarudisha madini hayo. Mvutano huo hutokea mdomoni kila siku, na tundu hutokea pale upotevu unapozidi marejesho kwa miezi mfululizo. Dentini, iliyo chini ya enameli, ni dhaifu zaidi: huanza kuyeyuka hata asidi ikiwa haijakolea kiasi hicho. Ndiyo sababu tundu dogo juu mara nyingi huficha shimo pana chini yake, na ndiyo sababu shingo ya jino la mzee, ambako ufizi umeshuka na dentini iko wazi, huoza haraka.

Dalili ya kwanza ni doa jeupe lisilong'aa, aghalabu kando ya ufizi kwenye meno ya mbele ya juu. Inua mdomo wa juu wa mtoto, kausha meno kwa kitambaa safi, kisha tazama kwenye mwanga. Likiwa bado limelowa mate huenda usilione. Hapo SDF haihitajiki bado. Kinachohitajika ni kupiga mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi ya 1,000 hadi 1,500 ppm (sehemu kwa milioni), na vanishi, yaani dawa ya kupaka inayogandia juu ya jino, ya sodiamu floraidi ya asilimia 5, yenye 22,600 ppm, inayopakwa kliniki kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Doa kama hilo lisichokonolewe kwa ncha kali. Uso wake wa juu bado umeshikana, na chombo chenye ncha kinaweza kuuvunja na kulifanya tundu ambalo lingeepukika.

SDF ni ya hatua inayofuata, dentini inapokuwa imefikiwa, imelainika na kuwa ya kahawia. Ile ya asilimia 38 ina takriban robo ya uzito wake fedha, asilimia 8 amonia na asilimia 5 floraidi. Floraidi hiyo ni 44,800 ppm, zaidi ya mara thelathini ya dawa ya meno yenye 1,450 ppm. Fedha huua bakteria walio ndani ya dentini iliyooza na kuzuia vimeng'enya vinavyomeng'enya kolajeni, ule utando wa protini unaoshikilia madini ya dentini. Floraidi huungana na kalsiamu na kusaidia jino kuwa gumu upya. Amonia kazi yake ni kuiweka fedha katika hali ya kimiminika.

Fedha hiyo hiyo ndiyo inayoacha weusi. Sehemu iliyooza huwa nyeusi, na weusi huo haufutiki. Enameli nzima haibadiliki rangi, kwa hiyo jino hugeuka jeusi pale tu palipoharibika. Hili lazima mzazi aambiwe kabla chupa haijafunguliwa, aonyeshwe picha, aulizwe, na jibu lake liheshimiwe. Akikataa, ana haki. Akikubali, aelewe kwamba weusi mgumu unaong'aa ndio tunaoutafuta. Mabishano mengi yanayohusu dawa hii hutokana na kumpaka mtoto kwanza na kumweleza mama baadaye.

Swali linaloamua kila kitu: kiini ni kizima?

SDF huzuia uozo ulio kwenye dentini. Haiponyi kiini cha jino, yaani ile nyama yenye mishipa iliyo katikati. Kiini kikishaoza, kulipaka jino ni kufunika usaha.

Kwa hiyo uliza kuhusu maumivu kwa undani. Maumivu makali mafupi yanayokuja kwa maji baridi au kitu kitamu na kuisha mara kichocheo kinapoondoka, huashiria kiini ambacho bado kinajitetea. Jino la namna hiyo linafaa kupakwa. Maumivu yanayokuja yenyewe, yanayomwamsha mtu usiku, yanayodunda, au yanayoendelea nusu dakika na zaidi baada ya kichocheo kuondoka, ni jambo jingine. Vivyo hivyo jino linalouma kwa chai ya moto na kutulia kwa maji baridi. Mtoto mdogo hawezi kueleza haya, basi muulize mlezi: je, huamka usiku akilia na kushika shavu? Hutafuna upande mmoja? Hukataa chakula kigumu? Kisha tazama ufizi. Kijipu kidogo kama chunusi juu ya jino, uvimbe, jino linalotikisika kabla ya wakati wake, au jino lililogeuka kijivu lote, vyote vinasema kiini kimekwisha. Hapo tiba ni ya mzizi au kung'oa. Picha ya eksirei husaidia sana pale tundu linapoonekana kuwa la kina, na kliniki ikiwa nayo isiachwe.

Mwenye mzio wa fedha asipakwe. Mwenye vidonda vingi mdomoni au fizi zilizochubuka na kuoza asubiri zipone kwanza, kwa sababu dawa itamuunguza. Kwa mjamzito, daktari ndiye wa kupima, na ile potasiamu ayodaidi inayotumika wakati mwingine kupunguza weusi iachwe kabisa, hata wakati wa miezi ya mwanzo ya kunyonyesha, kwa ajili ya tezi ya shingo ya mtoto.

Wanaonufaika zaidi ni watoto wadogo wasioweza kukaa kwenye kiti, wenye matundu mengi kwa pamoja, watu wenye ulemavu ambao kuchongwa kungehitaji usingizi wa hospitali, wazee wenye uozo wa mizizi, na wagonjwa ambao mate yao yamekauka kwa dawa wanazomeza au kwa mionzi ya kichwa na shingo.

Kazi yenyewe

Mtoto wa chini ya miaka mitatu ni rahisi kumhudumia magoti kwa magoti: mzazi na daktari wanakaa wakitazamana, mtoto anamkumbatia mzazi kwa miguu kiunoni na kulaza kichwa kwenye mapaja ya daktari. Mzazi anashika mikono. Mtoto analia, na kilio chenyewe kinafungua mdomo.

Ukoga na mabaki ya chakula huondolewa kwa mswaki au gozi. Dentini iliyooza haihitaji kukwanguliwa, isipokuwa chakula kilichosongamana ndani ya tundu. Midomo na ufizi ulio karibu hupakwa vaselini. Vaselini isiguse tundu lenyewe, maana itazuia dawa kuingia. Pamba huwekwa kando ya jino, upande wa shavu na wa ulimi, kisha jino hukaushwa kwa hewa au kwa pamba. Ukavu ni nusu ya kazi. Mate yaliyobaki huzimua dawa na kuisambaza kwenye ulimi, na mtoto aliyeonja ladha yake ya chuma mara moja hatafungua mdomo tena kwa hiari.

Tone moja hutiwa kwenye kibakuli cha plastiki. Kisitumike cha chuma wala cha glasi. Tone hilo, la takriban mikrolita 25, hutosha meno matano hivi, na hubeba floraidi inayozidi kidogo miligramu moja. Kanuni inayofuatwa na wengi ni tone moja kwa kila kilo kumi za uzito kwa ziara moja. Kibrashi kidogo huchovywa, hukamuliwa ukingoni mwa kibakuli, kisha dawa hupakwa kwa kugusagusa ndani ya tundu kwa dakika moja nzima. Mtoto asipovumilia dakika, sekunde chache kwenye jino lililokauka ni bora kuliko kuacha, ila aitwe mapema kuangaliwa. Baina ya magego mawili ambako kibrashi hakifiki, uzi wa meno wa aina nene hupitishwa katikati, hulowanishwa kwa dawa, na kuachwa hapo kwa dakika hiyo. Mwisho ziada hunyonywa kwa gozi. Hakuna haja ya kusukutua. Wengine hupaka vanishi ya floraidi juu yake ili kufunika ladha na kuishikilia dawa mahali pake. Mtoto asile wala kunywa kwa nusu saa hadi saa moja.

Chupa ifungwe mara moja na ikae mbali na mwanga. Tone lililotiwa litumike ndani ya dakika chache, kwani amonia hupaa, nguvu yake hubadilika, na mwanga huanza kulitia weusi. Likidondokea ngozi, huonekana kama halijaacha alama, na kesho yake doa la kahawia hujitokeza. Hilo huondoka lenyewe ndani ya wiki moja au mbili ngozi inapojibadilisha. Nguo na meza hazina bahati hiyo, kwa hiyo mtoto avikwe kitambaa cha plastiki shingoni na meza ifunikwe. Ufizi ulioguswa hugeuka mweupe na kuwasha kidogo, na hupona kwa siku mbili hivi.

Kwa nini mara nyingine haishiki

Baada ya wiki mbili hadi nne mgonjwa arudi. Tundu lililosimama ni jeusi, linang'aa, na ukiligusa kwa chombo chenye ncha butu ni gumu. Likiwa kahawia na laini, lipakwe tena. Baada ya hapo ni kila miezi sita. Kupaka mara mbili kwa mwaka kuna matokeo bora kuliko mara moja, na tafiti za meno ya utotoni zinaonyesha takriban matundu manane kati ya kumi husimama kwa ratiba hiyo, kwa SDF ya asilimia 38. Meno ya mbele hufanya vizuri kuliko magego, kwa sababu mswaki huyafikia.

Hilo la mswaki ndilo linaloamua mengine yote. Ukiona tundu limerudi kulainika, tafuta chakula kilichokwama humo kila siku. Kingo za enameli zinazoning'inia juu ya shimo hukihifadhi, basi zivunjwe kwa patasi ya mkononi ili mswaki uingie, au tundu lizibwe. Tafuta pia kile kinachoingia mdomoni usiku. Chupa ya maziwa au uji wenye sukari kitandani hushinda SDF, maana mtu akilala mate hupungua. Ubuyu wa sukari unaomung'unywa kwa nusu saa una asidi na sukari kwa pamoja, na pipi ya kijiti vilevile. Kama lazima vipatikane, viliwe mara moja pamoja na chakula, si kidogo kidogo kutwa nzima. Idadi ya mara sukari inapoingia mdomoni ina uzito kuliko kiasi chake.

Dawa ya meno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu iwe ukubwa wa punje ya mchele. Miaka mitatu hadi sita iwe ukubwa wa punje ya njegere. Mtu mzima ndiye aiweke na ndiye apige mswaki hadi mtoto afike miaka saba hivi. Mtoto ateme bila kusukutua kwa maji. Hapa watu wengi hupoteza faida yote: wanapiga mswaki vizuri, kisha wanaisukutua floraidi yote.

Kuziba juu yake

SDF husimamisha uozo lakini haijazi shimo. Kwa gego linalopaswa kukaa mdomoni miaka mingine mitano, kuliziba baadaye ni busara, na mbinu inayofaa zaidi ina asili ya karibu nasi. Ni ile ya ART, yaani kuziba jino kwa vyombo vya mkononi bila mashine, iliyoanzishwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Mholanzi Jo Frencken na wenzake walitafuta namna ya kuziba meno pasipo umeme. Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa dunia Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994.

Dentini laini hukwanguliwa kwa vijiko vya mkononi, kuanzia kingo za tundu, ambako saruji inahitaji kushika jino zima. Sakafu iliyo karibu na kiini huachwa ikiwa bado ina unyevu kidogo, kwani kukwangua hadi mwisho ni kufungua kiini bure. Kiowevu cha kusafishia hupakwa kwa sekunde 10 hadi 15, hufutwa kwa pamba zenye maji, kisha tundu hukaushwa. Saruji ya glasi-ayonoma huchanganywa kwa kipimo cha mtengenezaji. Unga mwingi hufanya isishike, maji mengi hufanya ivunjike. Hujazwa ikiwa bado inang'aa. Ikishapoteza mng'ao imechelewa. Kidole chenye glovu na vaselini huikandamiza juu ya jino ili iingie hadi kwenye mifereji ya uso wa kutafunia. Mgonjwa asitafune upande huo kwa saa moja. Tundu la upande mmoja hudumu vizuri. La pande mbili kati ya magego ya utotoni hushindwa mara nyingi zaidi, na hapo kofia ya chuma isiyohitaji kuchonga, ile ya mbinu ya Hall kutoka Uskoti, ni chaguo bora kliniki ikiwa nayo.

Ganzi ya meno

Ile ganzi inayokupata ukila embe bichi au ukinywa maji ya barafu hutokana na dentini iliyo wazi. Ndani yake mna vifereji vidogo sana vilivyojaa kiowevu, na baridi, hewa au sukari hukisogeza kiowevu hicho hadi neva za kiini zihisi. Tiba yoyote hufanya mojawapo ya mambo mawili: kuziba vifereji au kutuliza neva.

Anza na dawa ya meno yenye potasiamu naitreti ya asilimia 5, au yenye floraidi ya bati. Ya potasiamu huhitaji wiki mbili hadi nne za matumizi ya mara mbili kwa siku, na watu huiacha wiki ya kwanza wakidhani haifanyi kazi. Usiku, baada ya mswaki, pakaa kidogo kwa kidole kwenye shingo ya jino linalouma na ulale nayo. Isiposaidia, vanishi ya floraidi kliniki. Isiposaidia tena, SDF kwa dakika moja kwenye shingo iliyokaushwa, ambayo huziba vifereji kwa chembe za fedha na kalsiamu floraidi. Kwa jino la mbele linaloonekana, daktari anaweza kutumia aina ya vifuko viwili kama Riva Star: wa kwanza ni SDF, wa pili ni potasiamu ayodaidi, inayopakwa hadi rangi ya maziwa iliyotokea igeuke maji angavu. Weusi hupungua, lakini asiahidiwe mtu kwamba hautarudi.

Na sababu iondolewe. Mkaa, majivu na mswaki mgumu unaosuguliwa kwenda na kurudi hula shingo za meno. Tumia mswaki laini. Ukishanywa maji ya ndimu, ukwaju au soda, subiri nusu saa kabla ya mswaki, kwa sababu uso wa jino umelainika kwa muda. Ganzi ya jino moja tu, hasa inayochoma unapoachia baada ya kuuma kitu, inaweza kuwa ufa. Hiyo haipakwi, hupelekwa kuangaliwa.

Kwa wenyeji wa Arusha, Meru, Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, kuna tahadhari yake. Meno ya kahawia ya huko mengi si uozo. Ni floraidi iliyozidi katika maji ya kunywa, zaidi ya kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, au iliyotoka kwenye magadi ya kupikia, wakati meno yalipokuwa yakijengwa chini ya ufizi. Madoa hayo hujitokeza kwa ulinganifu, kulia na kushoto, na ni magumu. SDF haina kazi hapo. Lakini jino hilo hilo likipata tundu laini, linatibiwa kama jingine lolote, na mswaki wenye floraidi bado unafaa, mradi mtoto hamezi povu.

Ukifika kliniki, mwambie daktari au tabibu wa meno kwamba unataka kujua kama jino linafaa SDF, kisha uulize mambo haya: kama kiini kimepimwa, kama chupa ni ya asilimia 38, tarehe ya kurudi ni lini, na kama wanapanga kuliziba baadaye. Mtoto akiwa na shavu lililovimba pamoja na homa, au uvimbe unaopanda kuelekea jicho au kushuka shingoni, usisubiri miadi ya meno. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.